Kabla ya kuingia mtoni: Yanayopaswa kujulikana na wanaotembelea mito na maporomoko ya Mlima Meru

Majina ya baadhi ya kata za Jiji la Arusha yanasimulia habari za maji. Jina la Elerai lina mzizi mmoja na lile la msitu wa Lerai ulio ndani ya Kreta ya Ngorongoro; asili yake ni neno la Kimaasai la mgunga wa gome la njano, mti unaopenda kuota mahali ambapo maji hayako mbali na uso wa ardhi. Jina la Ngarenaro nalo limetokana na maneno ya lugha hiyohiyo yenye maana ya maji meusi. Kabla ya kuwapo kwa barabara za lami na majengo ya ghorofa, waliotangulia kuishi katika eneo hilo waliitambua ardhi yake kwa mito na vijito vinavyoshuka kutoka Mlima Meru.

Mito hiyo ingali inavuta watu. Siku za mwisho wa juma, sikukuu na likizo za shule, familia, vikundi vya vijana na wanafunzi hupanda miteremko ya mlima kwa miguu, hufuata kingo za mito hadi kwenye maporomoko, hupumzika kivulini na wengine huingia majini kuogelea. Ni mapumziko mazuri kwa afya ya mwili na akili, na gharama yake ni ndogo. Hata hivyo, sehemu ya mto anayoiona mgeni ni kipande kifupi tu cha mto wenyewe. Usalama wake unategemea yanayotokea juu ya mlima asikokuona, na afya ya wanaoishi bondeni inategemea anayoyatenda yeye akiwa mtoni. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu kabla ya kufunga safari.

Maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi

Mlima Meru ni volkano yenye urefu wa mita 4,566 kutoka usawa wa bahari, na ni wa pili kwa urefu nchini Tanzania baada ya Kilimanjaro. Upande wake wa kusini, unaotazama Jiji la Arusha, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini. Msitu wa mlimani hupokea mvua na ukungu, udongo na miamba ya volkano hunyonya maji hayo, kisha huyaachia taratibu kupitia chemchemi. Ndiyo sababu mito kadhaa huendelea kutiririka hata wakati wa kiangazi.

Themi, Naura, Ngarenaro na Burka ni miongoni mwa mito inayopita jijini au pembezoni mwake. Upande wa mashariki, katika Wilaya ya Arumeru, iko mingine ikiwamo Nduruma na Usa. Maji ya miteremko hiyo ya kusini huelekea Mto Kikuletwa, ambao humwaga maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani yanaendelea kwa jina la Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi, mkoani Tanga. Njiani yanamwagilia mashamba, yananywesha mifugo, yanatumika majumbani na kuzalisha umeme katika mitambo iliyojengwa kwenye mto huo. Usimamizi wa rasilimali za maji katika eneo hilo lote uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Kwa hiyo, mtu anayeosha vyombo kwa sabuni au kutupa chupa katika kijito kilicho juu ya jiji anaanzisha safari ambayo mwisho wake hauoni. Anayekaa chini ya mto huo hayapati maji mengine. Anapata yaleyale yaliyokwisha kupita mikononi mwa walio juu.

Maeneo ya kutembelea

Hifadhi ya Taifa Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 na kusimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), ni eneo lenye utaratibu uliokamilika kwa wanaopenda kutembea kwa miguu. Njia ya kufika huko huchepuka kutoka barabara kuu ya Arusha–Moshi katika eneo la Usa River. Ndani yake yapo maporomoko ya Tululusia na Maio, Kreta ya Ngurdoto, maziwa ya Momella na msitu wenye mbega weusi kwa weupe. Kwa kuwa hifadhi hiyo ina nyati, tembo na twiga, matembezi ya miguu hufanyika kwa kufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha. Utaratibu huo unawahusu wageni wote, wa ndani na wa nje, wala haupaswi kuonwa kuwa ni usumbufu. Nyati aliyeshtuliwa kichakani ni hatari kwa mtu anayetembea kwa miguu, na askari aliyezoea njia hizo huzitambua dalili zake mapema.

Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wengine, ilimradi waonyeshe kitambulisho. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa malipo wa Serikali. Mwananchi anashauriwa kuthibitisha viwango vinavyotumika kutoka TANAPA kabla ya kuondoka nyumbani, na kutompa fedha taslimu mtu yeyote anayejitambulisha kuwa mpokeaji wa malipo nje ya utaratibu huo.

Ziwa Duluti, lililoko Tengeru kandokando ya barabara hiyohiyo, ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Wageni hutembea katika njia inayozunguka ziwa na hupanda mitumbwi. Juu ya jiji, katika miteremko ya kusini, yapo maporomoko ya Napuru, pamoja na vijiji kama Ng'iresi na Ilkiding'a vinavyopokea wageni kupitia mpango wa utalii wa kitamaduni. Huko mgeni huongozwa na wenyeji kupita katika migomba, mikahawa na kingo za mito, na sehemu ya malipo yake hubaki kwa wanakijiji.

Kwa anayekusudia hasa kuogelea, wengi kutoka Arusha na Moshi huenda chemchemi za Kikuletwa, zinazojulikana zaidi kwa jina la Chemka, katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Maji yake ni maangavu na ya uvuguvugu, na hutoka ardhini chini ya kivuli cha mikuyu na minazi pori. Pamoja na uangavu wake, chemchemi hizo zina kina kirefu na mkondo. Kuona chini si sawa na kufika chini.

Mto unaweza kujaa huku jua linawaka

Jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii ni kwamba mto wa mlimani unaweza kufurika mahali ambapo halijadondoka hata tone moja la mvua. Miteremko ya Meru ni mikali. Mvua kubwa ikinyesha katika msitu wa juu, maji hukusanyika katika makorongo membamba na kushuka kwa kasi pamoja na mawe, magogo na tope. Aliyekaa kwenye mwamba katikati ya mto anaweza kuwa anaota jua ilhali maji hayo yako njiani.

Taifa limekwisha kuona nguvu za maji ya namna hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara na kuua makumi ya watu. Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mafuriko na watoto wakapoteza maisha. Matukio hayo hayakuwa ya matembezi, lakini somo lake linamhusu kila anayekaribia korongo au mto wakati wa mvua: maji yaendayo kasi hayampi mtu muda wa kufikiri mara mbili.

Katika ukanda huu, mvua za masika kwa kawaida hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Miezi ya kati, hasa Juni hadi Septemba, huwa na ukavu zaidi na ndiyo inayofaa kwa matembezi ya mtoni. Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa kila siku na, inapobidi, taarifa za hali mbaya ya hewa katika ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zinazoonyeshwa kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Pale mkoa unapokuwa chini ya mojawapo ya ngazi hizo kwa sababu ya mvua kubwa, safari ya mtoni iahirishwe. Maporomoko yatakuwapo wiki ijayo.

Zipo dalili za wazi kwamba maji yanakuja. Maji yaliyokuwa maangavu hubadilika na kuwa ya rangi ya udongo. Majani na vijiti huanza kuelea kwa wingi. Kina huongezeka taratibu kwenye mwamba uliokuwa mkavu. Na ngurumo husikika kutoka juu ya korongo. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha. Wote watoke majini mara moja na wapande ubavuni mwa korongo kwenda mahali pa juu. Wasikimbie kuufuata mto kuelekea chini, kwa kuwa maji yatawafikia, na wasirudi kuchukua mizigo iliyoachwa ng'ambo. Aliyebaki upande wa pili wa mto asubiri maji yapungue, hata kama itabidi kusubiri kwa saa kadhaa.

Kuogelea chini ya maporomoko

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Usemi huo unafaa sana kwa vidimbwi vilivyo chini ya maporomoko. Maji yanayoanguka huchimba shimo kwenye mwamba, na kina chake hubadilika kila baada ya msimu wa mvua. Jiwe au gogo ambalo halikuwapo mwaka jana linaweza kuwa limelala chini ya povu mwaka huu. Kuruka kutoka juu ya mwamba, au kupiga mbizi kwa kutanguliza kichwa, kunaweza kusababisha kuvunjika kwa shingo na ulemavu wa kudumu.

Sehemu yenye povu jeupe nayo ina hatari yake. Povu hilo limejaa hewa, hivyo halimbebi muogeleaji kama maji ya kawaida yanavyombeba. Aidha, maji yanayoanguka hutengeneza mzunguko unaoweza kumvuta mtu kuelekea chini ya maporomoko na kumzuia kutoka. Muogeleaji abaki mbali na mahali maji yanapoangukia, katika sehemu ambayo miguu yake inafika chini.

Baridi ni adui mwingine. Maji ya mlimani ni baridi kuliko hewa, na mtu aliyepanda mlima huku akitokwa na jasho akijitosa ghafla anaweza kupumua bila mpangilio, akameza maji na kukamatwa na misuli. Inashauriwa kupumzika kwanza, kisha kuingia polepole kwa kujilowesha mikono, uso na kifua.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa takriban watu 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na watoto wadogo ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Kwa kutambua ukubwa wa tatizo hilo, mwaka 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Maji Duniani. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana pumzi ya kuita. Mzazi aliye umbali wa hatua ishirini huku akitazama simu hawezi kuhesabiwa kuwa anamwangalia mtoto. Vikundi vinavyokwenda mtoni vipange zamu ya mtu mzima ambaye kazi yake ni moja tu: kuwaangalia walio majini. Mtu huyo asitumie kilevi, na waliokunywa wasiingie majini.

Ikitokea mtu anazama, watu wasijitose ovyo, kwa kuwa mara nyingi anayeokoa bila ujuzi huvutwa na anayezama, na msiba mmoja ukawa miwili. Atupiwe kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au anyooshewe fimbo ndefu au kitenge na mtu aliyelala kifudifudi ukingoni. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Jeshi la Polisi kwa namba 112. Kwa kuwa mawasiliano ya simu hupotea katika baadhi ya makorongo, kikundi kijue mapema ni sehemu gani ya karibu yenye mtandao.

Maji maangavu si lazima yawe salama

Maji ya eneo la Mlima Meru yana sifa ambayo macho hayawezi kuiona: katika mito na chemchemi nyingi yana madini ya floraidi kwa kiwango cha juu, yatokanayo na miamba ya volkano. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi kwa muda mrefu meno yake hubadilika rangi kuwa ya kahawia, na kiwango kikizidi sana mifupa huathirika. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini hubaki yaleyale katika maji machache zaidi. Unywaji wa siku moja ya matembezi haubadilishi meno ya mtu, lakini maji ya mtoni yanaweza pia kuwa na vimelea vya kuhara na homa ya matumbo. Njia salama ni kila mmoja kubeba maji ya kunywa kutoka nyumbani.

Ugonjwa wa kichocho nao unahitaji kufahamika. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini na hupenya kwenye ngozi ya mtu aliye ndani ya maji bila yeye kuhisi. Konokono hao hupenda maji yaliyotuama au yaendayo polepole, yenye magugu na matete, kama ilivyo katika mabwawa, mifereji ya umwagiliaji na sehemu za chini za mito. Anayetaka kuogelea ayaepuke maeneo ya aina hiyo. Mtu aliyewahi kuogelea kisha akaona damu katika mkojo au choo, au akapata maumivu ya tumbo yasiyokwisha, afike kituo cha kutolea huduma za afya na amweleze mhudumu kwamba aliogelea na wapi. Kichocho kina tiba, lakini kikiachwa kwa miaka huharibu kibofu, ini na viungo vingine.

Sheria ya mita 60 na wajibu wa mgeni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanyika, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, kwa shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo husika. Matembezi ya kawaida hayakatazwi. Hata hivyo, kukata miti ya ukingoni kwa ajili ya kuni, kuosha gari mtoni, kujenga vibanda au kumwaga mabaki ya chakula ni mambo yanayokwenda kinyume na makusudi ya sheria hiyo. Mizizi ya miti ya ukingoni ndiyo inayoushika udongo, na pale miti inapoondolewa, mto hupanuka, maji huwa tope na mafuriko ya chini huwa makali zaidi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingine bado hupelekwa mtoni. Kanuni ni rahisi: kilichopanda mlimani mkononi kishuke mkononi. Haja ndogo na kubwa zifanyike mbali na maji, na kubwa ifukiwe ardhini. Moto usiwashwe msituni, na mgeni anayevuka shamba au kihamba cha mtu aombe ruhusa, kwani njia nyingi za kwenda kwenye maporomoko hupita katika maeneo ya watu.

Kabla ya kufunga safari

Anayepanga kwenda mtoni afuate hatua chache. Asome utabiri wa TMA wa siku hiyo. Amweleze mtu wa nyumbani anakokwenda, anafuatana na nani na anatarajia kurudi saa ngapi. Aondoke asubuhi ili awe amekwisha kutoka korongoni kabla ya alasiri, wakati mawingu hupenda kujikusanya mlimani. Avae viatu visivyoteleza, abebe maji ya kunywa, koti la mvua, filimbi na kamba. Atumie kiongozi anayetambuliwa na kijiji au na mamlaka ya hifadhi. Kwa safari za shule, walimu wafike kwanza wenyewe mahali hapo kabla ya kuwapeleka watoto, na wahakikishe idadi ya walimu inatosha kuwaangalia wote.

Kiongozi mwenyeji anaujua mto kwa miaka, si kwa picha. Anajua kidimbwi kilichobadilika baada ya masika, mwamba unaoteleza na njia ya kupandia maji yanapokuja. Akisema leo hapaingiliki, mgeni hana sababu ya kubishana naye. Safari iliyoishia ukingoni, wote wakarudi Elerai jioni wakiwa wakavu na wazima, ni safari iliyokamilika.